Madam Aliyepima Nyota kwa Gorogoro

Siku ya kwanza tuliyozungumza naye kwa dhati, alinizungusha. Sisemi kwa mafumbo. Alinishika mkono ofisini mwa walimu, akanitoa hadi uwanjani mbele ya kidato cha tatu, akaniambia nishikane mikono na mpishi wa shule kisha tuzunguke. Mpishi wetu alikuwa mama mnene mwenye miguu imara. Mimi nafundisha Kiswahili na sikosi maneno ya kujitetea, lakini mwili wangu siku hizo ungeweza kuanikwa kwenye kamba pamoja na shati. Tulipoanza kuzunguka, mpishi alibaki karibu pale pale akikanyaga kiduara chake, na mimi nikapaa. Kiatu kimoja kilinitoka. Naibu mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani tunapigana.

Madam alikuwa anapiga makofi. Aliwaita wanafunzi wainame watazame nyayo zetu vumbini, zangu kwa nje na za mpishi kwa ndani.

"Mnaona? Hakuna mwenye anazunguka mwenzake. Wote wawili wanazunguka. Lakini mwenye uzito anatembea kidogo. Sasa pima hizo duara mbili, halafu uniambie Mama ameshinda Mwalimu kwa uzito mara ngapi."

Walipima kwa kamba. Jibu walilopata liliniandama muhula mzima, hata jikoni nilikuwa nikiongezewa chakula kwa huruma. Lakini nakiri kwamba jioni ile, nikitafuta kiatu changu kwenye nyasi, nilikuwa na furaha ya mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu cha fizikia nikakielewa kwa tumbo.

Sitamtaja jina. Shule ile iliyoko bonde la Lambwe ilikuwa na walimu wa kike kadhaa, na wote kwa desturi ni madam, ila ukisema Madam tu bila jina la pili kila mtu alijua ni yeye, wa fizikia, jirani yangu wa nyumba za walimu. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na aliongea kwa mikono. Mimi ni mtoto wa duka la vitambaa la Homa Bay mjini, tumelelewa kwa kunong'ona bei. Yeye akinong'ona, walinzi wa langoni walisikia.

Kazi yake ya kweli, ile aliyoamkia na kulalia, ilikuwa nyota mbili. Ukitazama kusini jioni ya mwezi wa sita utaona nyota nne za Msalaba, na pembeni yake nyota mbili angavu. Ile angavu zaidi vitabuni inaitwa Alfa Sentauri. Kwa macho matupu ni moja. Kwa darubini ni mbili, moja kubwa na moja ndogo, zinazungukana kama mimi na mpishi, isipokuwa zenyewe huchukua miaka karibu themanini kumaliza mzunguko mmoja. Darubini yenyewe ililetwa shuleni na wageni wa kanisa, ikafungiwa stoo pamoja na chakula cha kuku mpaka yeye alipoikomboa. Tangu hapo alipima hizo mbili kila msimu: zimeachana kiasi gani, na ndogo iko upande gani wa kubwa. Alianza wakati zinakaribiana. Alizifuata mpaka zikabanana, kisha zikaanza kufunguka tena, na ile ndogo ikawa inapinda kona kuelekea kaskazini mwa mwenzake. Alikuwa akiniambia habari hizo asubuhi kwenye chai, kwa sauti ya mtu anayekupa umbea mtamu wa kijiji.

Uzito wa nyota alikataa kabisa kuusema kwa kilo. Kilo za nyota, alisema, zina sufuri nyingi mno na mtoto akiona sufuri anasinzia. Badala yake alibeba darasani gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi ambalo kila mama wa soko la Kosele analo, akaliweka mezani, akatangaza kuwa hilo ndilo Jua letu. Jua moja, gorogoro moja. Zile nyota mbili za kusini, kwa kuwa nuru yao inafanana sana na ya Jua, moja ni gorogoro lililojazwa likafanya kilima, na nyingine ni gorogoro la muuzaji mchoyo. Ukizimwaga pamoja ni magorogoro mawili. Mwanafunzi hawezi kusahau kitu kama hicho hata umpige mtihani wa kushtukiza.

Na umbali? Hapo ndipo alipokuwa moto kabisa. Alituambia tufikirie lori linalokuja usiku kwenye barabara ya Mbita. Taa zake mbili zikionekana zimekaribiana, lori liko mbali. Zikiachana, kaa pembeni. Unajua upana wa lori, basi kwa kuangalia taa tu unajua liko wapi. Nyota zake zilikuwa taa mbili za lori. Uzito na muda wa mzunguko vinakupa upana wa kweli, darubini inakupa upana unaoonekana, na vikikutana hivyo viwili umbali unatoka wenyewe. Muda wa mzunguko hakuwa na njia ya kuupata peke yake, maana hakuna anayeishi darubinini miaka themanini. Aliuchukua kwa watu waliopima zamani, ambao wote wameshakufa, na aliwataja kwa heshima kama watu wa ukoo. Lakini upana unaoonekana, na hasa pale kwenye kona, alitaka utoke kwenye jicho lake. Kitabuni imeandikwa miaka minne na kidogo ya nuru. Yeye alitaka kuipata mwenyewe, hapo Lambwe, kabla hajastaafu. Nilipomuuliza kwa nini apime kitu kinachojulikana, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini ale wakati watu wengine wameshakula.

Mtu huyo huyo, nje ya nyota, hakuwa na kipimo cha kitu chochote. Ugali wake uliungua au ukawa uji. Akisema anakuja saa hii, wewe kula, oga, sahihisha madaftari. Sokoni Kosele alikuwa akiibiwa mchana kweupe na wauza mahindi, ambao walimwita "Madam customer wetu" kwa mapenzi makubwa. Namba ya viatu vyake aliuliza kila akinunua viatu. Niliwahi kumchokoza kwamba anajua mahali nyota ilipo kuliko mahali kijiko chake kilipo, akasema nyota haihamishwi na wageni.

Alikuwa Msabato wa kuzaliwa, na msimamo wake juu ya Ijumaa jioni ulinivutia sana, mimi ninayetoka msikitini Ijumaa mchana. Jua likizama Sabato imeingia, na kupima ni kazi. Kwa hiyo Ijumaa alitoa darubini nje, akatazama nyota zake, akasema asante Bwana, akazitazama tena, lakini hakugusa kipimo. Bonde lile lilikuwa na tabia mbaya ya kuwa na anga safi kuliko siku zote Ijumaa. Nilimwona akisimama hapo amefunga mikono mgongoni kama mtoto aliyekatazwa peremende. Kesho yake, wimbo wa kufunga Sabato haujaisha vizuri, Madam alikuwa ameshatoka nje na kila kitu.

Mimi nilikuwa mkono wake wa pili. Kazi ilikwenda hivi. Mara baada ya chakula cha jioni alifunika taa ya ukuta kwa gunia, tukaweka darubini nyuma ya maabara. Yeye alitia jicho akazungusha kijilenzi chenye mistari myembamba mpaka mstari upite katikati ya nyota zote mbili. Akisema "haya," mimi nilisoma digrii kwenye protrakta kubwa ya ubaoni aliyokuwa ameifunga pale kwa nyaya, kwa tochi niliyoizungushia karatasi nyekundu ya biskuti. Nikaandika. Upana kati yao tuliupata kwa saa: aliziacha ziteleze, akisema "haya" kila moja ikigusa mstari, nami nikaandika sekunde. Kisha akavuruga kijilenzi akaanza upya. Mara nyingi, jioni nyingi. Fisi wa upande wa mbuga ya Ruma walikuwa wakicheka na mbung'o wameshalala, na mimi nilikuwa na raha kuliko wakati wowote wa ualimu wangu.

Sheria ilikuwa moja: asiambiwe namba. Mwaka wa kwanza, kwa furaha tu, nilimwambia kwamba kipimo chake cha pili kilikuwa kimelingana kabisa na cha kwanza. Alikunja vyombo papo hapo. Alinieleza akiwa bado na hasira kwamba jicho ni mtumwa, ukiliambia lilichoona jana, leo litaona hicho hicho ili likupendeze. Sasa nimeliharibia jioni nzima. Tangu hapo nilikaa kimya na namba zangu. Hata mwisho wa msimu hakutaka kuona kipimo kimoja kimoja, alisema ataanza kuchagua anavyovipenda. Nilimpa wastani tu. Nami nikajivunia, mtoto wa Kiswahili, kuwa mlinzi wa hesabu za mbinguni.

Ndiyo maana mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua.

Miaka yote vipimo vyake vilikaa pamoja, digrii moja huku, digrii moja kule. Halafu ukaja msimu ambao vilianza kutawanyika. Jioni moja hiyo hiyo, nyota hiyo hiyo, alinipa namba zinazopishana kama watu wawili tofauti. Msimu uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Nilimwona akipepesa, akifuta lenzi kwa kitambaa, akilaumu ukungu ambao mimi sikuuona. Alianza kuweka mafuta ya taa sukarini, akaniita mimi mpishi. Nilijua ni macho. Lakini kumwambia "namba zako zinatetemeka" ni kumwambia namba, na sheria ilikuwa yake, na ile misimu miwili ndiyo ilikuwa kona yenyewe, ndogo inapita kaskazini mwa kubwa. Nilikaa kimya. Nilimpa wastani, kama alivyotaka.

Wakati wa kustaafu ulipokaribia alikaa nyumbani kwake likizo nzima akikokotoa. Siku ya kufungua shule aliingia ofisini mwa walimu akicheza. Nasema akicheza, mabega na kiuno, akiimba kitu cha Kijaluo ambacho si cha kanisani. Umbali wake ulikuwa umelingana na ule wa kitabu karibu kabisa. Mwalimu mkuu aliagiza bango la sherehe ya kumuaga lenye hiyo namba. Walimu walimbeba. Mimi nilipiga makofi na wengine, ingawa nilijua ile namba nzuri imetoka wapi. Vipimo vya hovyo vilikuwa vimetawanyika huku na huku, na wastani wake kwa bahati tu ukaangukia mahali pazuri.

Ningeweza kunyamaza. Bango lilikuwa limeshachapwa. Mtu angestaafu na furaha yake, na nyota zisingemshtaki. Nilifikiri hivyo siku mbili tatu, na kila nilipomwona akitembea uwanjani kama bibi harusi nilizidi kuona aibu, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya kazi yake yote ile. Mwishowe nilimfuata nyumbani, nikaweka mbele yake vipimo vyenyewe, kimoja kimoja, vya misimu yote.

Alivisoma kwa kuvisogeza karibu na pua. Akavirudia vya misimu miwili ya mwisho.

"Mwalimu, kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ungekuwa wewe ungeniambia, Madam."

Alinifukuza. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Kwa majuma kadhaa alinisalimia kama mtu anayemsalimia afisa wa kata.

Kisha jioni moja nilimwona akivuka uwanja wa mpira amebeba kopo la majani ya chai. Alikuwa amelitoboa matundu mawili kwa sindano, karibu karibu, akatia tochi ndani. Aliliweka juu ya goli la mbali, akarudi kwenye darubini upande huu, akaniita kwa kidole. Alikuwa amejitengenezea nyota mbili za uongo ambazo mtu angeweza kujua zimekaa vipi. Alinituma nikaligeuze kopo nitakavyo, nikumbuke nilivyoliweka, nirudi nisome. Nilikimbia kwenda na kurudi mpaka pumzi ikaniishia. Baada ya kila kipimo safari hii aliuliza mwenyewe amepata nini na kopo limekaaje, nikamwambia, na kila nilipomwambia alitikisa kichwa polepole. Kopo halikuwa na ukungu. Kopo halikuwa mbinguni. Ilikuwa jicho.

Alikaa kwenye nyasi akaanza kucheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena. Kwenye sherehe yake alisimama mbele ya lile bango akawaambia wazazi, wanafunzi na mwalimu mkuu kwamba namba iliyoandikwa hapo ni nzuri sana lakini si yake, kwamba misimu miwili ya mwisho ameifuta kwa sababu alipima akiwa haoni. Mwalimu mkuu alitamani ardhi ipasuke. Mimi nilitaka kusimama juu ya kiti nishangilie.

Hospitali ilikuwa vita nyingine. Mwanamke huyu aliyewafundisha watoto wasiogope umeme aliogopa daktari wa macho kuliko fisi. Alisema hawezi kumpa mtu asiyemjua jicho lake la kazi. Mpishi ndiye aliyemaliza mjadala. Alimwambia kama haendi atambeba, na sote tulijua uzito upo. Walimtoa mtoto wa jicho, kwanza jicho moja, kisha la pili. Alinipigia simu akiwa bado na bandeji upande mmoja, akipiga kelele kwamba shuka za hospitali ni nyeupe, nyeupe, Mwalimu, mimi nilikuwa nadhani dunia imezeeka.

Mwezi wa saba uliopita nilishuka Muhuru Bay kumtembelea, maana ndiko alikostaafia, nyumba ya mabati juu kidogo ya mahali wanapoanika omena, dagaa wa ziwani. Jua lilikuwa limezama, na kusini kulikuwa wazi. Taa za wavuvi zilikuwa zinawashwa ziwani, naye alizitukana kwa upendo na kujificha nyuma ya ukuta na darubini yake. Ile ndogo ilikuwa imeshapita kaskazini mwa mwenzake. Kona ile hatapata tena kuipima, itarudi watoto wa watoto wetu wakiwa wazee. Nilimwambia nasikitika. Akaniambia nisimalize anga yake kwa kusikitika.

Alitia jicho. Nilisoma. Alivuruga, akatia tena. Nilisoma. Vipimo vilikaa pamoja, digrii moja huku, digrii moja kule, na kalamu yangu ikaanza kukimbia juu ya karatasi. Sheria ilikuwa bado sheria, ila nadhani aliisikia.

Alikuwa ameshakokotoa upya kwa misimu ile mizuri ya zamani na hii mipya, ya katikati akiiacha pengo. Jirani yake, mama anayeuza omena, alikuwa amekuja na beseni kichwani kuona kelele ni za nini, na Madam akamweleza kila kitu, lori, gorogoro, kona, kopo la majani ya chai, mikono ikiruka kote. Kitabu kinasema miaka minne na kidogo ya nuru. Yeye, bila misimu miwili, amepata karibu mitano.

Yule mama alitua beseni chini akafikiri.

"Sasa Madam, umepata ama umekosa?"

"Nimekosa."

"Na mbona unafurahi hivyo?"

"Hiyo ingine ilikuwa sawa, mama, lakini haikuwa yangu. Hii nimekosa mimi mwenyewe, na macho mazuri." Alimshika bega akamsogeza kwenye darubini. "Kuja uone. Mwaka ujao nitakosa kidogo kuliko hapo."

Mama aliinama, akafumba jicho lisilofaa, akabadilisha. Kisha akatulia hapo, na Madam akafunga mikono mgongoni kumngoja.

"Ziko mbili," akasema yule mama.